Kinini inatoka wapi? Gome la mti, makala na metali

Asubuhi, kwenye farmasi moja ndogo karibu na soko la Nyawera, katika komine ya Ibanda, mama anafika na mtoto mgongoni. "Dokta, unipatie kinini ya minyoo ya huyu mtoto, na ingine ya kichwa, ni yangu." Muuzaji anauliza: "Mtoto iko na miaka ngapi, mama?" Anahesabu vidonge, anavifunga kwenye karatasi, anapokea franka zake. Kidonge cha minyoo ni mebendazoli. Cha kichwa ni parasetamoli. Hakuna hata kimoja chenye kwinini ndani yake.

Lakini ku Bukavu kila kidonge ni kinini. Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, ni vilevile: "ikinini" ni kidonge chochote, hata kama ni cha tumbo. Jina la dawa moja limemeza jina la dawa zote, kwa sababu kwa miaka mingi kidonge ambacho watu wa huku walikijua kuliko vingine ni kile kichungu cha malaria, cha kwinini.

Na mama yule hakukosea sana. Kidonge cha minyoo alichopewa na kile cha zamani cha malaria vina undugu ambao hauonekani kwa macho. Vyote viwili vina pete zilizoshikamana, na ndani ya pete hizo kuna nitrojeni. Swali ni nani anayefunga pete hizo, na kwa njia gani. Kwa kwinini, ni mti unaoota kwenye milima ya Kivu. Kwa mebendazoli na dawa nyingine nyingi, ni kiwanda cha mbali chenye msaada wa metali, yaani vitu kama nikeli, shaba, chuma au paladiamu. Bei ya kidonge, na nani anapata kazi kutokana nacho, vinategemea sana njia iliyotumika.

Nyumba mbili, ukuta mmoja

Anayejua vilima vya Ibanda anajua nyumba za kushikamana. Parseli ni ndogo, kwa hiyo watu wawili wanajenga na kutumia ukuta mmoja katikati. Kemia nayo inajenga hivyo. Atomu za kaboni zinapenda kushikana mikono na kufanya duara la pembe tano au sita, na duara hilo linaitwa pete. Pete mbili zikitumia upande mmoja kwa pamoja, zinakuwa pete zilizoungana.

Chukua pete mbili za pembe sita zenye ukuta mmoja. Ukihesabu pembe zote utapata 10, wala si 12, kwa kuwa mbili ni za wote. Weka kaboni kwenye pembe tisa na nitrojeni kwenye moja. Hiyo ni kwinolini. Jina lake linafanana na kwinini kwa sababu mwaka 1842 mwanakemia Charles Gerhardt aliipata kwa kupasha moto dawa za gome la mkinkina, kwinini mojawapo, pamoja na potasi. Miaka michache kabla, mwaka 1834, Friedlieb Runge alikuwa ameikuta ndani ya lami ya makaa ya mawe.

Kwinolini peke yake si dawa. Ni kama nyumba tupu, na kazi yake inatokana na vitu unavyoibandika kwenye pembe zake. Klorokwini, ile watu wa umri fulani wanaikumbuka kwa jina la Nivaquine, ni kwinolini yenye klorini upande mmoja na mkia mrefu wa nitrojeni upande mwingine. Amodiakwini, ambayo inatolewa pamoja na artesunati katika vituo vya afya vya Kongo, ni ndugu wa karibu wa klorokwini. Primakwini pia ni ya ukoo huo. Mebendazoli na albendazoli za minyoo zina pete ya pembe sita iliyoungana na ya pembe tano, na nitrojeni ni mbili. Omeprazoli ya tumbo iko hivyo hivyo. Hata sipro, inayouzwa mno kuliko inavyostahili, ni pete mbili zenye nitrojeni. Ukiingia kwenye farmasi yoyote ya avenyu Lumumba na kutoa kwenye rafu kila dawa yenye pete za namna hiyo, rafu nyingi zitabaki na mashimo.

Nitrojeni inafanya nini pale? Mfano mzuri ni wa malaria. Kijidudu kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinakula hemoglobini. Kinapokula, kinabaki na taka moja mbaya: kipande kinachoitwa hemu, ambacho katikati yake kuna chuma, na ambacho ni sumu kwa kijidudu chenyewe. Basi kijidudu kinaifunga ile taka na kuifanya fuwele ngumu isiyoweza kukidhuru. Klorokwini inaingia kwenye tumbo la kijidudu, mahali penye asidi. Nitrojeni zake zinashika asidi ile, na zikishashika haziwezi kurudi nje kwa urahisi. Dawa inajaa pale. Kisha pete zake bapa zinajilaza juu ya hemu na kuzuia fuwele isijengwe. Kijidudu kinakufa kwa taka yake. Kwinini inafikiriwa kufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo. Kijidudu nacho si mjinga: aina zilizoizoea klorokwini zina mlango unaoitupa dawa nje, na ndiyo maana Nivaquine iliondolewa kwenye matibabu ya malaria katika nchi hizi.

Mti uliovuka bahari

Kwinini haikuanzia Afrika. Mkinkina ni mti wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, mjini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Wadachi wakaupanda kwa wingi kisiwani Java, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia ilitoka huko. Wabelgiji nao walianza kuupanda Kivu katika miaka ya 1930, kwa sababu mti huu unapenda kilima, baridi kidogo, mvua na udongo usiotuamisha maji. Yaani unapenda kile ambacho Kivu inacho.

Mwaka 1942 Wajapani walipoichukua Java, majeshi ya Wazungu na Wamarekani yalikosa kwinini ghafla, na mashamba ya Kivu yakawa mali ya vita. Kampuni ya Congokina ya wakati wa ukoloni ndiyo iliyokuja kuwa Pharmakina, ambayo ilikaa muda mrefu mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Mannheim. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya Roche kuinunua Boehringer Mannheim, kazi ya Bukavu ilibaki kwa viongozi wake wa hapa hapa. Kwa watu wa Bukavu, jina hilo maana yake ni kazi: wanaotunza miche, wanaovuna, wanaokausha gome, madereva, na wanaokaa kwenye vyungu vya kiwandani.

Njia ya kiwanda cha kwinini si siri. Mti unangojewa miaka saba, nane au zaidi. Unakatwa au kung'olewa, gome linabanduliwa, linakaushwa na kusagwa. Unga wake unachanganywa na chokaa, ambayo inaachilia kwinini kutoka kwenye asidi za gome. Kimiminika cha namna ya mafuta kinapitishwa hapo na kuichukua kwinini. Halafu asidi ya sulfuriki inaivuta tena kutoka kwenye mafuta, na chumvi ya kwinini inaganda kama sindano nyeupe. Gome zuri linaweza kutoa kilo tano mpaka kumi za kwinini kwa kila kilo 100.

Tazama jambo moja hapo. Chokaa, mafuta, asidi: hakuna hata kimoja kati yao kinachojenga pete. Pete zimekwisha kujengwa na mti, kwa jua, maji na udongo wa Kivu. Kiwanda kinazitoa tu.

Kwa nini watu hawakuacha mti wakaitengeneza wenyewe?

Walijaribu, na bado wanajaribu. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Perkin, alitaka kutengeneza kwinini wakati wa likizo ya Pasaka. Akapata tope, na kutoka kwenye tope akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha. Kwinini hakuipata.

Kwinolini tupu ilikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1880 Zdenko Skraup wa Vienna alichemsha anilini, gliserini na asidi kali ya sulfuriki pamoja, na pete ya pili ikajifunga yenyewe. Mwanafunzi wa seksyon ya bio-shimi anayeifahamu gliserini kutoka kwenye sabuni anaweza kushangaa kwamba kitu laini vile kinakuwa ukuta wa dawa. Ila njia ya Skraup ni kali. Inaweza kuwaka ghafla na kuruka kutoka kwenye chombo. Wanakemia waligundua kwamba ukitia chumvi ya chuma, salfati ya feri, hasira yake inapoa na kazi inaenda polepole. Hapo metali ilikuwa tayari imeingia kwenye jungu, japo kama mtulizaji tu.

Kwinini nzima ni shida nyingine kabisa. Mbali na ukuta wa kwinolini, ina chumba cha pili kinachofanana na kizimba, na pembe zake kadhaa zinaweza kugeuka kushoto au kulia. Ukikosea pembe mbili muhimu unapata kwinidini, ambayo ni dawa ya moyo. Ni kama viatu: cha kushoto na cha kuume vina ngozi ileile na soli ileile, lakini mguu unajua tofauti.

Mwaka 1944, katikati ya vita, Wamarekani wawili, Robert Woodward na William Doering, walitangaza kwamba wameipata. Magazeti yalishangilia. Ukweli ni kwamba walifika kwenye kituo kimoja kabla ya mwisho, kitu kinachoitwa kwinotoksini, na kwa safari iliyobaki walitegemea maneno ya Wajerumani wawili, Paul Rabe na Karl Kindler, walioandika mwaka 1918 kwamba njia kutoka hapo wanaijua. Hatua ya mwisho ya Rabe ilitumia unga wa alumini, metali ileile ya sufuria. Kwa miaka mingi baadaye wengi walikuwa na mashaka kama kweli ile hatua inafanya kazi. Gilbert Stork, ambaye mwaka 2001 alitangaza njia yake mwenyewe iliyopanga pembe zote sawasawa, alikuwa mmoja wa wenye mashaka.

Jibu lilikuja mwaka 2008. Aaron Smith na Robert Williams wa Marekani walirudia kazi ya Rabe kwa vyombo vya zamani. Walipotumia alumini mpya kutoka kwenye kopo, walipata kidogo mno. Walipotumia iliyokaa hewani na kushika kutu kidogo, kwinini ikatoka. Rabe hakudanganya, unga wake ulikuwa umezeeka, na yeye hakuona sababu ya kuandika hilo. Fundi yeyote wa kulehemu huko Kadutu angeelewa: chuma cha leo na chuma kilicholala nje si kitu kimoja.

Tatizo kubwa zaidi ni hesabu. Njia za kutengeneza kwinini kwa mikono zina hatua zaidi ya kumi, moja baada ya nyingine. Fikiri mtu anayemimina mafuta ya mawese kutoka bidoni moja kwenda nyingine, na kila mara sehemu ya tano inamwagika. Bidoni ya kwanza ina lita 100. Baada ya kumimina mara 15 zimebaki lita tatu na nusu. Mti hauna bidoni. Ndiyo maana, pamoja na zawadi zote na majina makubwa, kwinini inayouzwa duniani mpaka leo inatoka kwenye gome.

Metali kama komisioneri

Lakini dawa nyingine hazina mti. Mebendazoli haioti popote. Hapo lazima pete ifungwe na mtu, na metali ndiyo inayorahisisha.

Anayetafuta nyumba ya kupanga Bukavu anamjua komisioneri. Si mwenye nyumba, wala si mpangaji. Anamshika mkono huyu, anamshika yule, anawaketisha pamoja, wanapatana, naye anaondoka kwenda kutafuta wengine. Hahamii kwenye nyumba ile. Kitu kinachofanya hivyo katika kemia kinaitwa kichocheo: kinawezesha mambo kuungana, halafu kinatoka kikiwa kizima na kuanza tena. Kidogo chake kinafanya kazi ya mingi. (Tofauti ni kwamba komisioneri anadai mwezi mmoja wa kodi.)

Mfano unaojulikana sana ni wa Mmarekani Richard Larock, wa mwaka 1991. Anaanza na pete moja ya pembe sita yenye vitu viwili jirani: nitrojeni kwenye pembe moja, iodini kwenye pembe inayofuata. Upande mwingine kuna kipande kifupi cha kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono mitatu. Vikichanganywa na kupashwa moto bila msaada, vinakaa tu vikitazamana. Sasa tia paladiamu kidogo. Paladiamu inaingia kati ya iodini na kaboni, na kushika nafasi ya iodini. Kisha inakishika kile kipande cha kaboni mbili na kukileta karibu, nacho kinajipachika pale. Sasa mkia wake, ukiwa bado mkononi mwa paladiamu, unageuka kuelekea nitrojeni. Paladiamu inaishika nitrojeni kwa mkono wa pili. Halafu inaachia mikono yote miwili kwa wakati mmoja, na waliokuwa wameshikwa wanabaki wameshikana. Pete ya pili imefungwa. Imekuwa indoli, pembe sita na pembe tano zenye ukuta mmoja, msingi wa dawa nyingi. Paladiamu iko huru, inatafuta wengine.

Njia hii ya paladiamu kushikanisha kaboni ilipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2010, kwa Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki.

Kwa kidonge cha minyoo kazi ya metali ni ya namna tofauti kidogo, na ni rahisi kuielewa kwa sababu inatumia makala. Unga wa makala una vishimo vingi vidogo mno, kwa hiyo gramu chache zina eneo kubwa la ndani. Paladiamu inapakwa juu ya unga huo, mara nyingi gramu tano kwa gramu 100. Katika kutengeneza mebendazoli, pete ya kwanza inakuja na nitrojeni mbili jirani, lakini moja imebanwa na oksijeni mbili na haiwezi kufanya kitu. Gesi ya hidrojeni inapitishwa. Juu ya makala yale paladiamu inaipasua hidrojeni na kuikabidhi, oksijeni zinaondoka kama maji, na nitrojeni inabaki huru. Nitrojeni mbili huru zikikaa jirani, ni kazi ndogo kuleta kaboni moja katikati yao na kufunga pete ya pembe tano. Nikeli inaweza kazi kama hii pia, na ni rahisi zaidi kwa bei, ila inataka kushikwa kwa uangalifu: unga wake ukikauka kwenye hewa unaweza kuwaka.

Watu wa Kivu watauliza lile swali la kawaida: je, metali hizo zinatoka kwetu? Paladiamu, hapana. Nyingi yake inatoka Urusi na Afrika Kusini. Kobalti, ndiyo, zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani inatoka upande wa Katanga, na iko katika orodha ya metali zinazoweza kufunga pete za kwinolini. Shaba vilevile. Dhahabu, ile watu wanayoifuata Kamituga, kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa metali mvivu isiyogusana na kitu. Sasa inajulikana kwamba chumvi zake zinashika vizuri zile kaboni zenye mikono mitatu na kuzifunga na nitrojeni. Bati, inayotoka kwenye kasiteriti ya Kalehe na Shabunda, ina chumvi inayoweza kuondoa zile oksijeni za nitrojeni, ila yenyewe inatumika na kuisha, si kichocheo. Kiasi kinachohitajika kwa kazi hizi zote ni kidogo mno. Hakuna mchimbaji atakayetajirika kwa sababu ya vidonge.

Chuma lazima kitoke

Kuna kazi ya mwisho ambayo wauza dawa rahisi wanapenda kuiruka. Komisioneri akishamaliza lazima atoke nyumbani. Paladiamu ikibaki kwenye unga, anayemeza kidonge anaimeza. Kanuni za kimataifa zinakubali mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa mtu mzima kwa siku, kwa dawa ya kumeza. Mikrogramu 100 ni sehemu ya kumi ya miligramu moja. Kuifikia kunahitaji kuchuja makala, kuosha, kugandisha tena, na kupima kwa mashine za bei.

Wenye viwanda wana sababu nyingine ya kuchuja vizuri: pesa. Mwaka 2019 paladiamu ilifikia kuuzwa ghali kuliko dhahabu, kwa sababu magari ya Ulaya, Marekani na China yanaitaka kwa kusafisha moshi. Makala yaliyotumika hayatupwi. Yanarudishwa kwa wanaoyachoma na kuokoa metali. Ndiyo sababu wanakemia wengi sasa wanatafuta njia za kufunga pete hizohizo kwa chuma cha kawaida, shaba au kobalti. Chuma ni rahisi, na mwili wa binadamu unakivumilia zaidi. Ila mara nyingi ni kizito wa kazi, kinataka moto zaidi au muda zaidi.

Unga unatoka wapi

Bukavu iliwahi kujaribu kuvuka kutoka upande wa gome kwenda upande wa pili. Karibu mwaka 2005 Pharmakina, ikisaidiwa na Wajerumani na mfamasia kutoka Thailand, Krisana Kraisintu, ilianza kutengeneza vidonge vya virusi vya UKIMWI vilivyoitwa Afri-vir. Ndani yake kulikuwa na nevirapini. Nevirapini ni pete tatu zilizoungana, mbili za pembe sita pembeni na moja ya pembe saba katikati, na nitrojeni zimetawanyika humo. Wakati ule dawa hizo zilikuwa adimu na ghali, na wengi walikufa wakizingoja.

Lakini kutengeneza kidonge na kutengeneza pete ni kazi mbili. Kidonge ni kuchanganya unga, kuubana na kuufunga. Pete ni matangi ya hidrojeni, paladiamu, mashine za kupima, umeme usiokatika na mtu wa kuchukua taka zenye sumu. Viwanda vingi vya dawa vya Afrika vinabana vidonge kutoka kwenye unga ulionunuliwa India au China. Kwinini ndiyo tofauti kubwa ya Bukavu: hapa unga wenyewe unazaliwa nyumbani.

Na sasa unga huo umepoteza sehemu ya soko lake. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba waliochomwa artesunati walikufa pungufu kwa karibu asilimia 22 na nusu kuliko waliopewa kwinini. Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunati kwa watoto, kama lilivyokuwa limefanya kwa watu wazima. Kwa nchi ambayo ni ya pili duniani kwa malaria baada ya Nigeria, hiyo ilikuwa habari njema na hakuna anayeweza kuilalamikia. Serumu ya kwinini, ile inayofanya masikio yalie na sukari ya damu ishuke, imebaki ya akiba, pale artesunati inapokosekana. Muuguzi anayeitumia anapaswa kuangalia sukari ya mgonjwa, hasa mtoto na mama mjamzito. Na anayeumwa homa asiianze nyumbani bila kupimwa damu.

Soko lililobaki ni la ajabu kidogo. Sehemu ya kwinini ya dunia inaishia kwenye vinywaji vichungu vya chupa, Schweppes na wenzake. Sehemu nyingine inarudi kwa wanakemia wenyewe. Pembe za kwinini zilizogeuka upande mmoja, zile zilizowasumbua Woodward na Stork, ni mwongozo mzuri kwa metali isiyojua kushoto na kulia. Mmarekani Barry Sharpless alizifunga molekuli za ukoo wa kwinini kwenye osmi, metali nzito, na osmi ikaanza kuchagua upande. Kazi zake za namna hiyo zilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hata Eric Jacobsen na wenzake, walipotangaza njia yao ya kutengeneza kwinini mwaka 2004 kwa msaada wa paladiamu, katika hatua moja walitumia mchanganyiko huo wa Sharpless. Kwa maneno mengine, ili kutengeneza kwinini bila mti, walihitaji kitu kilichotoka kwenye mti.

Mche wa mkinkina ukipandwa mwaka huu Kabare ao Kalehe, gome lake litabanduliwa baada ya miaka saba ao nane. Anayeupanda anakisia tangu leo bei ya wakati huo.